Mkono Uliobaki Juu ya Kondoo

Sweta la sufu likilowa linanuka kondoo, hata liwe limefuliwa miaka mingapi. Juzi baba yangu alishuka kwenye bodaboda mbele ya duka langu hapa Karatu mjini, mvua imemkuta njiani kutoka Rhotia, akavua sweta lake kuukuu na kulitandaza kwenye mgongo wa kiti, karibu na jiko la mkaa. Mvuke ulipoanza kupanda, mteja aliyekuwa akichagua vitambaa alikunja pua. Mimi nilivuta pumzi mpaka ikagoma. Harufu ile kwangu ni mafuta, moshi wa kuni, majani yaliyolala na umande, na Bibi, na kwa muda nilisimama na mkasi mkononi bila kukumbuka nilichokuwa nakata.

Sweta lenyewe ni kituko. Kiwiliwili ni rangi ya maziwa, mkono wa kulia vivyo hivyo, lakini mkono wa kushoto umeangukia kwenye kahawia na umemzidi mwenzake urefu. Pengine uzi ni mnene kama kamba ya kufungia ndama, pengine ni mwembamba hadi unaona shati. Nalicheka bila woga kwa sababu uzi huo niliusokota mimi, kabla sijafika hata darasa la nne, na mpaka leo sijaona mtoto mwingine wa Rhotia aliyefanya kazi kubwa kuliko ile kwa umri ule. Nikionekana najisifu, ni kweli najisifu.

Baba alikuwa na mambo mawili. La kwanza, kiwiko cha mkono wa kulia kilikuwa kimetoboka. La pili alilisema huku anaangalia mvua nje: amechoka kukimbizana na kondoo, magoti yanamsumbua, na anafikiria kuwapeleka wote mnadani. Nilimpa chai kwanza, kwa sababu jibu la jambo hilo lilishawahi kutolewa nyumbani kwetu, na aliyelitoa alikuwa mama yake.

Nyumbani kwetu ni juu kidogo ya barabara ya lami, ile ambayo magari ya watalii hupita kuelekea geti la Ngorongoro. Miezi ya baridi ukungu hushuka kutoka kingo za Kreta ukafunika mahindi, mbaazi, kanisa na maduka, na jua linaushinda asubuhi ikishakwenda mbali. Nikiwasimulia watu wa pwani kwamba kuna upande wa Tanzania ambako mtu anakula makande amejifunika blanketi mchana kweupe, wanadhani nawatania. Baba alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa, kama baba yake aliyetoka Singida kufuata kazi hiyohiyo, na kila alfajiri aliingia ndani ya ukungu ule kwa baiskeli akiwa amevaa mashati mawili, moja juu ya jingine.

Bibi, mama yake, alikuwa Mmbulu wa kuzaliwa, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Ujanani aliwafulia nguo watawa waliokuwa na kituo huko juu karibu na msitu. Watawa wale walifuga kondoo wa sufu, wakawafundisha wanawake wachache kuisokota, na walipoondoka waliwagawa kondoo wao, Bibi naye akapata wake. Nilipopata akili walikuwa wanne, na walikuwa kichekesho cha majirani. Kwetu kondoo ni mkia. Kondoo wa kienyeji ana mkia mpana uliojaa mafuta, na mafuta hayo ndiyo anayopewa mama aliyejifungua, ndiyo yanayolainisha ngozi, ndiyo yanayomfanya mgeni ajue kwamba amekaribishwa kweli. Kondoo wa Bibi walikuwa na mkia wa bure, mwembamba, na manyoya yaliyowafunika mpaka machoni.

"Aama," majirani walimwita, kama Wambulu wanavyomwita bibi, na heshima ikaishia hapo, "hawa mbwa wako waliovaa blanketi wanaliwa upande gani?"

"Hawaliwi, wanavaliwa," Bibi alijibu. "Wewe wa kwako ukishamla leo, kesho utamla tena?"

Tatizo ni kwamba hawakuwa wakivaliwa tena. Vidole vya Bibi vilikuwa vimepinda na kufanya mafundo kama tangawizi, na kijiti cha kusokotea kilikuwa kinamponyoka. Kila msimu aliwakata kondoo manyoya kwa msaada wa Mama, akayajaza kwenye magunia, akayarundika nyuma ya mlango wa jikoni, na pale yakabaki. Mama, ambaye alikuwa msafi kupita kiasi na aliyevitandika vitambaa vyeupe vya kufuma juu ya makochi, redio, na hata mtungi wa maji, aliyapita magunia yale akiwa ameziba pua.

Ndipo ukaja mwaka ambao mvua zilikatika mapema. Baba alirudi kazini jioni moja, akakaa kwenye kigoda, akalisema neno lake kwa upole, kama mtu aliyelifanyia mazoezi njia nzima.

"Mama, mwaka huu majani hakuna. Ng'ombe wenyewe wanakula mabua. Hawa kondoo wako naona ni wageni tu, wanakula na hawaagi."

"Wanavalisha watu," Bibi akasema.

"Wamemvalisha nani? Tangu vidole vyako vigome, manyoya yanalala kwenye magunia. Waliovaa ni panya."

Nilikuwa karibu na Bibi nachambua maharage, nikaona mkono wake uliopinda ukikamata upande wa kanga na kushindwa kuukunja. Mimi nilikuwa nawapenda kondoo wale, hasa mmoja mzee aliyeitwa Mtawa kwa sababu ukoo wake ulitoka kwa watawa na kwa sababu ya uso wake wa kutopenda mchezo. Nilijua mnadani mnyama anaishia wapi. Pale penye nyama choma moshi haukatiki.

"Nipe msimu huu wa baridi," Bibi alisema hatimaye. "Mpaka mnada wa kwanza baada ya ukungu kuisha. Wakimvalisha mtu wa nyumba hii, wanabaki. Wasipomvalisha, wapeleke, na kamba nitakushikia mimi mwenyewe."

"Na nani atasokota?"

Bibi alinyoosha kidevu kuelekea kwangu. "Mke mwenzangu huyo hapo," alisema, maana ndivyo alivyoniita siku zote, na Baba akacheka akadhani ni utani.

Mama alikuwa wa kwanza kuchukua hatua, na ilikuwa hatua ya hatari. Siku ambayo Bibi alikwenda kwenye sala za jumuiya, Mama alisema haiwezekani mtoto wake ashike kitu chenye mavi ya kondoo. Alichemsha maji sufuria baada ya sufuria, akamimina sabuni ya unga, akatumbukiza sufu yote ya magunia yote, akaifikicha kama anavyofikicha kola za mashati. Aliisugua, akaikamua, akaitia tena kwenye maji ya moto. Aliniambia nipande ndani ya beseni nikanyage, nikakanyaga kwa furaha huku naimba. Kadiri tulivyofua ndivyo sufu ilivyoshikana, mpaka mwisho tukatoa kwenye beseni vitu vizito vilivyobapa kama magodoro ya mtoto. Tulivianika kwenye uzio. Vilikuwa safi sana, na hakuna aliyeweza kuvuta hata unyoya mmoja ukatoka.

Bibi alirudi, akasimama kwenye uzio, akagusa moja, akagusa la pili. Nilidhani atapiga kelele za kuita kijiji.

"Mkwe wangu," alisema, "umeifua sufu au umeipika?"

Mama akaanza kulia. "Nisamehe mama, nilitaka iwe safi."

"Safi imekuwa. Sasa haitaki kuwa kitu kingine." Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya uzio, na Mama aliyekuwa analia akajikuta naye anacheka huku kamasi zinamtoka. Baba aliporudi na kuelezwa, alichukua kisu, akakata kipande kizuri cha godoro lile, akakifunga kwenye tandiko la baiskeli yake, akajaribu kukikalia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Wameshavalisha baiskeli," Bibi akadakia.

"Tulisema mtu, Mama."

Basi ikabaki sufu ya Mtawa peke yake, ambaye hakuwa amekatwa kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga na Bibi alimwonea huruma. Tulimkata kwa mkasi wa Mama wa kushonea. Bibi alimkalisha kitako kama mama mgonjwa, mgongo wa kondoo ukiegemea magoti yake, na mimi nikakata nikifuata kidole chake kilichopinda. Kwa nje manyoya yalikuwa ya kijivu, yamejaa mbegu na vumbi jekundu. Kwa ndani, karibu na ngozi, yalikuwa rangi ya maziwa, yenye joto, na mafuta yaliyoshika mikononi. Nilipomaliza viganja vyangu vilikuwa laini kuliko vya mtoto mchanga, na Mtawa alisimama, akajitikisa, akaniangalia kama mtu aliyekutwa bafuni. Nilimwonea aibu, nikamfunika na kanga, akaikataa.

Safari hii sufu ilioshwa kwa amri ya Bibi. Maji ya vuguvugu, hakuna kufikicha, hakuna kukamua, iache ilowe na uondoke. Mama alisimama kando ameshika mikono yake asije akasaidia. Ilipokauka tuliichana kwa machanuo mawili ya mbao yenye meno ya waya, moja likivuta huku na jingine likivuta kule, mpaka ikatoka nyepesi tukaiviringisha vipande vyenye umbo la maandazi marefu.

Kijiti cha Bibi kilikuwa kizito kwangu, kwa hiyo alinitengenezea cha kwangu kwa kiazi. Alichagua kiazi ulaya cha mviringo, akapitisha kijiti kilichochongwa katikati, akakata kijipengo juu cha kushikia uzi. Kiazi ndicho kilichotia uzito wa kuzunguka. Baada ya muda kiazi hunyauka na kuyumba, hapo kinachomolewa kinawekwa kingine, na cha zamani kinaingia kwenye sufuria. Msimu ule tulikula viazi vingi vyenye tundu katikati.

Alinikalisha mbele yake nje, ukutani panapopata jua, magoti yake pande zangu zote mbili. Mikono yake haikuweza tena, kwa hiyo alinifundisha kwa mdomo, sikioni kwangu. "Zungusha. Vuta kidogo. Ngoja. Usiwe na haraka kama baba yako. Sasa mwachie apande." Aliyepanda ni msokoto. Ukizungusha kijiti, msokoto unapanda kwenye uzi taratibu, na kazi yako ni kuuachia sufu ya kutosha kabla haujafika vidoleni. Ukivuta mapema uzi unakatika. Ukichelewa unapata kamba. Mimi nilipata vyote viwili. Uzi wangu wa kwanza ulikuwa na mafundo na matumbo, Bibi akauinua juani, akauchunguza, akasema, "Huu una mimba, tena ya mapacha," akauviringisha kwenye donge pamoja na nyingine bila kutupa hata kipande.

Sasa nieleze jambo ambalo lilikuwa kichwani mwangu siku zote hizo, na ambalo sikumwambia mtu kwa sababu niliamini kila mtu analijua. Niliuona msokoto ukipanda kwa macho yangu. Niliuona ukikimbia kutoka kwenye kiazi kuja mkononi. Na uzi ulipokatika, kiazi kikaanguka chini, nilijiuliza ule msokoto uliokuwa njiani umekwenda wapi. Kisha nikatazama vidole vya Bibi, vilivyosokota maisha yake yote, vilivyozunguka kama kamba, na nikapata jibu. Msokoto usiokaa kwenye uzi unaingia kwenye vidole. Ndio uliompinda Bibi, na sasa ulikuwa unaingia kwangu, kidogo kila uzi unapokatika, na uzi wangu ulikuwa unakatika sana.

Niliogopa, na nasema wazi kwamba niliogopa sana. Lakini sikuacha. Nilichofanya ni kujikinga. Uzi ukikatika nilivuta vidole vyangu haraka, kimoja kimoja, nikavikung'uta pembeni ili msokoto uanguke chini. Shuleni, mwalimu alipogeuka, nilivivuta. Nilipolala nilivinyoosha chini ya godoro ili uzito wangu uvinyooshe. Kila asubuhi nilikiangalia kidole kidogo cha mkono wa kulia, maana niliamini ndicho kitakachoanza. Nilishajifariji kwamba mtu anaweza kuandika kwa vidole vilivyopinda, na kwamba kula ugali hakuhitaji kunyoosha mkono.

Uzi ulizidi kuwa mzuri. Hiyo siwezi kuificha. Ilifika siku kijiti kilizunguka na uzi ukashuka mrefu, sawa, kutoka mikononi mwangu hadi karibu na ardhi, bila kukatika, na nikahisi kitu ambacho hadi leo nakitafuta kila ninapoanza kazi. Mama aliyachukua madonge yangu akaanza kufuma. Sindano zake zilikuwa spoku za baiskeli ya Baba zilizosuguliwa kwenye jiwe, na yeye aliyekuwa akiziba pua sasa alifuma sweta la Baba jikoni akilikumbatia, mpaka nguo zake zikanuka kondoo na hakusema kitu.

Bibi aligundua mambo ya vidole alasiri moja. Uzi ulikatika, nikavuta vidole vyangu, nikakung'uta.

"Mke mwenzangu, hiyo unafanya nini kila mara? Ni sala?"

"Nautoa."

"Unautoa nini?"

"Msokoto. Usije ukaingia." Kisha, kwa kuwa alikuwa ananiangalia bila kuelewa, nilimuuliza kile nilichotamani kujua muda mrefu. "Bibi, wewe ulianza kuingia kidole gani?"

Alitazama mikono yake. Alitazama yangu. Nilitegemea acheke, na alianza kucheka, halafu kicheko kikakatika katikati.

"Mwanangu, vidole hivi vimepindwa na jembe, na maji baridi ya kufulia, na uzee. Uzi haujanifanyia ubaya wowote. Ulidhani vyako vitakuwa hivi?"

"Ndiyo."

"Na ukaendelea tu kusokota?"

"Si Baba atamuuza Mtawa?"

Bibi hakuwa mtu wa kulia, na sitasema alilia. Alichukua mkono wangu mikononi mwake, akaanza kuvuta vidole vyangu kimoja kimoja, polepole, kwa vile vyake visivyoweza kushika kijiti. "Umetoka," alisema kwa cha kwanza. "Umetoka," kwa cha pili. Alivimaliza vyote namna hiyo. Nilijisikia mwepesi, na kuanzia siku hiyo nilisokota bila kukung'uta mkono.

Lakini ukungu nao ulikuwa umeanza kupungua asubuhi. Mama alimaliza kiwiliwili, akamaliza mkono wa kulia, akaingiza mkono kwenye kikapu cha madonge, na kikapu kilikuwa kitupu. Nilikipindua. Nilikitazama chini. "Imeisha," Bibi alisema kwa utulivu ambao uliniudhi. Nilikwenda zizini nikamtazama Mtawa, ambaye manyoya yake mapya yalikuwa mafupi kama ndevu za Baba za Jumapili, nikalia nikiwa nimemshika shingo. Niliona nimemwangusha kwa sababu ya kusokota uzi mnene mno mwanzoni.

Asubuhi ya mnada Baba alitoka na kamba begani. Bibi alikuwa ameshakaa nje kwenye kigoda, sweta limekunjwa magotini. Mama na mimi tulisimama mlangoni.

"Limeisha?" Baba akauliza.

"Vaa," Bibi akasema.

Baba alilivaa. Alitoa kichwa, akatoa mkono wa kulia, na wa kushoto ukatokea na shati lake tupu. Alijitazama. Nilitamani ardhi inifunike.

"Mama, hili lina mkono mmoja."

"Lina miwili," Bibi akajibu. "Mmoja umeuvaa. Wa pili bado unaota juu ya kondoo." Akanyoosha kidevu kuelekea zizini. "Sasa chukua kamba yako umpeleke mnadani. Lakini ujue unauza mkono wako mwenyewe, na utavaa nusu mpaka ufe."

Baba alimwangalia mama yake. Alitazama zizi, akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi kuliko nilivyotegemea, kisha akaitundika kamba kwenye msumari wa mlango. Alisema kwamba mnada ni mnada, hawezi kukosa, na akaondoka kwa baiskeli bila kondoo, amevaa sweta la mkono mmoja. Baadaye watu walitusimulia alivyoulizwa kule na alivyojibu kwamba fundi bado yuko malishoni. Nilikimbia zizini nikampigia Mtawa vigelegele mpaka mtoto wake akajificha chini ya tumbo.

Mkono wa pili ulitoka kwa kondoo mwingine, mwenye manyoya ya kahawia, na ulipokwisha Bibi akaona Mama anahitaji shali, na shali lilipokaribia kwisha ukingo wake ukawa bado unaota. Maisha yake yote kulikuwa na kitu nusu ndani ya nyumba na nusu zizini. Krismasi ya mwaka ule mimi nilipata soksi za sufu rangi ya maziwa, nikazivaa kanisani, na sikujiuliza zimetoka wapi. Bibi alipofariki nilikuwa mtu mzima mwenye duka. Nilikaa kando ya kitanda chake, nikachukua mikono yake, nikavivuta vidole kimoja kimoja nikisema maneno yaleyale. Havikunyooka. Nilivimaliza vyote hata hivyo.

Nilimkumbusha Baba haya juzi, mvua ikipiga bati, na nikamwambia kwamba Bibi alimfunga bao zuri siku ile.

"Nani alinifunga?" Baba akasema. Aliweka kikombe chini. "Donge la sufu nyeupe lilikuwa kwenye debe la mahindi. Nililikuta nilipokwenda kuchota ya kusaga, siku mbili kabla ya mnada. Kubwa, la kutosha mkono mzima. Bibi yako alilificha."

Nilikumbuka soksi zangu. Nilikaa chini.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilimfuata nimseme. Nikamwambia, Mama, wewe unanidanganya, kondoo wanakwenda. Akaniambia, keti. Akanisimulia habari za vidole vyako." Baba alitazama mikono yake mwenyewe, ambayo siku hizi nayo imeanza kupinda. "Mimi nilikuwa nakuona asubuhi ninapotoka. Umelala mikono imenyooshwa chini ya godoro, nadhani ni baridi tu, nakufunika. Kumbe mtoto amekubali vidole vyake vipotee, kondoo abaki. Sasa mtu kama huyo unamuuziaje kondoo? Nilirudisha lile donge kwenye debe, nikalifukia vizuri na mahindi."

Miaka yote hii niliamini kwamba uzi wangu ndio uliowaokoa, na baadaye nikaamini ni ujanja wa Bibi. Nilimpenda baba yangu wakati ule, pale dukani, kuliko nilivyowahi kumpenda. Nilichukua sweta kwenye kiti. Lilikuwa limekauka. Nikapitisha kidole kwenye tundu la kiwiko.

"Hiki utashona lini?" Baba akauliza. "Niende nalo leo?"

Chini ya meza yangu kuna kikapu, na ndani ya kikapu kuna madonge ya sufu rangi ya maziwa, nimeyasokota mwenyewe, yanatosha viwiko vya kijiji kizima. Nilikisukuma kwa mguu kikaingia ndani zaidi.

"Rangi hii sina, Baba," nilisema. "Bado iko juu ya kondoo. Mpaka wakatwe."

Baba alitazama chini ya meza, pale mguu wangu ulipokuwa. Kisha akatazama mvua.

"Basi mnada utangoja," alisema, akanyoosha kikombe nimwongezee chai.